Jezi ya Uzi Mwekundu

Yandale, 9 Machi 1997

Shemeji yangu Kandaso,

Nakusalimu kutoka hapa jikoni, juu ya kigoda chako kile chenye mguu mmoja mfupi. Hakuna aliyekitengeneza tangu uondoke kwenda mjini Lae, pwani. Mvua haijakatika. Viazi vya shamba la juu vimeoza, vya chini bado vinalika. Lile jike la nguruwe lenye sikio moja limezaa, lakini baridi imeua baadhi ya vitoto. Mwanangu mdogo Wapen amerefuka, sasa anainama mlangoni kama alivyokuwa akiinama baba yake, marehemu kaka yako.

Nimezunguka vya kutosha. Kandaso, mwanangu Pyaki ameuawa.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya mechi. Klabu yetu ya Hondohondo ilicheza ragbi na timu ya mjini, ikashinda. Pyaki aliteguka kifundo cha mguu mapema akatolewa, akakaa chini ya turubai mpaka mwisho akiwapigia wenzake kelele. "Tumul, kimbia! Unakimbia kama bibi harusi!" Watu walicheka hadi wa upande wa pili. Mechi ilipokwisha akamsindikiza Tumul, jozi yake wa ng'ambo, kuelekea darajani, kwa sababu Tumul alikuwa na homa, ingawa yeye mwenyewe alichechemea. Unaijua sheria ya Mwalimu Anton wa klabu. Huwapanga vijana jozi, mmoja wa huku kwetu Yambara, mmoja wa ng'ambo kwa Wasauli. Kabla ya kila mechi mmoja analala kwao mwenzake na kula chakula cha moto wa nyumba hiyo. Mwalimu husema nyumba uliyolala ndani yake, mkono husita kuichoma.

Bunduki ililia kutoka kwenye mivinje. Marisau yalimwingia Pyaki mgongoni yote kwa pamoja. Namba ya jezi ikapotea, pakawa na shimo ambalo ngumi yangu iliingia. Najua kwa sababu niliiingiza, nikidhani nitazuia damu. Nilipofika alikuwa bado hai. Alisema, "Mama, kiu." Nikakimbia mtoni na jani la ndizi, nikarudi nalo limejaa, sikumwaga hata tone. Hakuwa na haja nalo tena.

Yakasa, mtoto wa marehemu kaka yenu mkubwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga mayowe. Anasema aliwaona Wasauli wakikimbia.

Nilimwosha mwenyewe. Sikumruhusu mtu mwingine. Jezi niliikata kwa kisu, nikaifua, nimeiweka.

Kuna jambo moja la kukueleza. Kiwanda cha kahawa kilikuwa kimewakubali Pyaki na Tumul wajifunze ufundi wa mashine na umeme. Klabu ndiyo iliyowaombea, kama inavyowaombea jozi moja kila mwaka. Akikosekana mmoja, na mwenzake habaki. Mwalimu Anton amesema nafasi ya Pyaki inaweza kuwa ya Wapen, akikubali kuwa jozi ya Tumul. Wataanza Septemba. Nimemwambia nitakuandikia kwanza.

Ule vizuri huko. Kifua chako kikibana, chemsha tangawizi.

Shemeji yako,
Takeme


Lae, 2 Aprili 1997

Shemeji Takeme,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, nikaona ni dogo kama punje. Barua yako imeletwa leo na Mek, dereva wa lori la kahawa. Barabara ilikatika kwa maporomoko, kwa hiyo wakati mimi nacheka na wenzangu kwenye kiwanda cha mbao, mtoto wetu alikwisha kuzikwa. Hilo silisahau. Mimi ni mzima. Kifua kinabana usiku tu.

Pyaki nilimbeba shingoni siku tulipovuka mto kwenda kwenye sherehe ya nguruwe. Alinikojolea mpaka mgongoni. Nikavaa shati hilo siku nzima kwa majivuno, nikimwambia kila mtu, "Huyu ameshanibatiza."

Sasa nisikilize. Wasauli walimkata kaka yetu mkubwa kwa shoka mwaka juzi. Babake huyo Tumul ndiye aliyelishika shoka hilo. Ndiyo maana mwaka jana niliuza kila nilichokuwa nacho, nikanunua ile bunduki na kumkabidhi Yakasa, ili tusichinjwe tena kama kuku. Na bado mliwaruhusu watoto wetu kulala nyumba moja na watoto wao, eti klabu. Eti mpira. Unaona klabu imemfikisha wapi Pyaki?

Mek anakuletea mkebe wa biskuti. Biskuti ziko juu, kula. Chini yake, ndani ya kitambaa, mna risasi. Mpe Yakasa. Mwambie Wapen asimame nyuma yake na ajifunze, maana ni zamu yake sasa. Mwanamume hajifunzi umeme wakati damu ya kaka yake iko njiani inakauka. Asiende kiwandani. Asishike tena mkono wa Tumul, isipokuwa akiwa na panga katika mkono wa pili.

Nijibu upesi kwamba mkebe umefika.

Kandaso


Yandale, 11 Mei 1997

Shemeji Kandaso,

Salamu nyingi, na pole ya kifua. Je, umepata blanketi nzito? Nguruwe wadogo waliobaki wamechangamka. Mkuyu ulioupanda nyuma ya nyumba umeanguka, lakini umeanguka kwa upole, haukugusa chochote.

Biskuti zilifika. Zilikuwa tamu. Watoto wa jirani walipewa, na Wapen alilamba hata vumbi lake.

Matanga yalikwenda kama yanavyokwenda. Tulijipaka udongo. Nilivaa shanga za msiba na bado nimezivaa, zinanikwaruza shingo. Tulichimba shimo la mawe ya moto, tukapika nguruwe wawili wa Pyaki mwenyewe, wale aliowalea kwa mkono. Kila mtu alikula kwa moto wangu. Yakasa alifanya kazi kuliko wote. Alipasua kuni, alibeba mawe, alilia hadi sauti ikakauka. Hakula. Alisema tumbo linamsumbua.

Mwalimu Anton alikuja pia, ingawa wanaume walimtemea mate miguuni. Aliniletea jezi ya Pyaki, namba saba, safi, imekunjwa vizuri. Haina tundu. Alisema imetoka kwa Tumul. Nilimshukuru.

Vita vimeanza, Kandaso. Ulivitaka, vipo. Jumatatu watu wetu walivuka mto alfajiri. Walichoma nyumba za Wasauli upande wa kanisa. Mzee mmoja kipofu hakutolewa. Nilisikia akiuliza ni nani amewasha moto mkubwa hivyo, akidhani ni wa kupikia, kisha nikasikia anavyouliza kwa sauti nyingine. Nilikuwa mtoni upande wetu, nateka maji. Mto ni mwembamba pale.

Wao nao walikuja siku iliyofuata. Walipigana uwanjani, palepale kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu ndipo palipo tambarare. Wanawake tulisimama ukingoni kama siku za mechi. Mke wa Lembo akapiga kelele, "Mnarudi nyuma? Leteni hizo pinde tuzishike sisi, nanyi mkanyonyeshe!" Halafu mumewe akapata mshale chini ya sikio. Alizunguka kama mtu anayetafuta alichodondosha, akaketi, akafa. Mkewe hajasema neno mpaka leo.

Walipochoka kuuana waliishambulia milingoti ya goli kwa mashoka. Watu wetu walikata upande mmoja, wao wakakata mwingine. Hilo walilifanya kwa pamoja, bila ugomvi.

Wapen alikuwa pale na upinde wa baba yake. Alirudi na matapishi kifuani. Nilimuuliza, "Umempiga mtu?" Akasema, "Sijui, mama. Niliachia tu." Halafu akaniuliza kama Septemba bado ipo.

Takeme


Lae, 30 Mei 1997

Shemeji,

Sina afya na sina utani. Unaniandikia biskuti na mkuyu. Yakasa amenitumia salamu kwa Mek kwamba hajapokea kitu, kwamba bunduki imelala haina chakula, na kwamba Lembo asingekufa kama ingekuwa inasema. Mkebe uko wapi?

Nitasema kinachosemwa na wengine nyuma yako. Ulizaliwa ng'ambo. Kaka yangu alikuoa kwa Wasauli, na sisi hatukukataa, tunaoa tunakopigana, ndivyo ilivyo. Lakini watu wanauliza, Takeme analia kwa jicho gani? La huku au la kule? Mimi nimekutetea. Sitakutetea mwaka mzima.

Mtoto wako ameshapigwa risasi mgongoni, mama gani huyo anayemfikiria Tumul na kiwanda? Huyo Tumul alikimbia akamwacha. Aliyekimbia ndiye aliyejua.

Nimeomba ruhusa kazini. Agosti nitapanda huko milimani mwenyewe. Nitamwekea Wapen bunduki mikononi mbele yako, na wewe utaangalia. Kama mkebe umeutupa mtoni, sema sasa, nije na mwingine.

Kandaso


Yandale, 22 Juni 1997

Shemeji yangu,

Nimepokea maneno yako yote. Sikukasirika. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nimemwona yule kijana wa shati lililokojolewa. Ni huyo ninayemwandikia.

Mkebe uko hapa, juu ya dari, na kitambaa hakijafunguliwa. Sasa nitakwambia kwa nini, na baada ya hapo utafanya utakalo.

Jezi za klabu nazishona mimi. Zikichanika, Mwalimu huniletea. Mwaka jana jezi ya Tumul ilichanika begani na sikuwa na uzi wa kijani. Nikashona kwa mwekundu. Pyaki alimtania, "Mama kakutia alama kama nguruwe, sasa huwezi kupotea." Namba yake ni sita.

Jezi niliyoikata mwilini mwa mwanangu ilikuwa na uzi mwekundu begani.

Nilikaa na kitu hicho mpaka Mwalimu alipoleta ile namba saba. Ndipo nikamuuliza, akanieleza alivyoelezwa na Tumul. Mvua ilikuwa imemlowesha Tumul, alikuwa anatetemeka kwa homa. Pyaki alikuwa chini ya turubai, jezi yake kavu. Akasema, "Vaa hii, usije ukafia njiani nikakosa jozi." Wakabadilishana. Tumul akatangulia kwa sababu alitaka kulala. Pyaki akamfuata akichechemea, na mgongoni ana namba ya mtoto wa mtu aliyemuua kaka yenu.

Nani anaotea namba sita, Kandaso? Siyo Wasauli.

Nilikataa kuwaza hivyo. Lakini nilikumbuka kwamba Yakasa hakula matangani. Unajua kama ninavyojua. Aliyemwaga damu ya nyumba hali chakula cha moto wa nyumba hiyo, tumbo litamvimba afe. Hata vichaa wetu hawathubutu. Nikasema labda kweli aliumwa. Kwa hiyo siku moja, jua likiwa juu, nilitoa kiazi kwenye majivu yangu, nikakibeba moto hivyohivyo, vidole vikiungua, nikaenda kwake. Alikuwa anasafisha mtutu.

"Yakasa, mwanangu, kula."

"Nimeshiba, mama."

"Nimekipika mimi. Kwa moto wangu."

"Mama, nimesema nimeshiba."

"Kimege tu. Kipande cha kumtosha mtoto."

Nilikiweka kiganjani mwake. Alikishika, kikamuunguza, hakukitupa. Nilimkumbuka alipokuwa mdogo, alivyopenda ngozi ya kiazi iliyoungua, na Pyaki alivyokuwa akimwachia. Akakiweka chini taratibu, kama yai.

"Usinilazimishe, mama," akasema. "Niliona namba. Mvua ilikuwa kubwa. Sikuona uso."

Ni hivyo. Alimfuata kumgeuza apate kufurahi, akakuta ni ndugu yake. Ndipo akapiga yale mayowe. Yale mayowe, nakuapia, yalikuwa ya kweli.

Na bunduki ni ile uliyoinunua wewe. Nilitamani nisikuandikie sentensi hiyo. Nimeificha tangu Machi. Nilidhani nikinyamaza utachoka, lakini unakuja Agosti kumwekea Wapen mikononi chuma hichohicho.

Sijamwambia mtu. Nikisema, watoto wa ndugu wawili watapasuana matumbo, na Wapen atakuwa wa kwanza kufa au wa kwanza kuua. Nikinyamaza, Wasauli wanaendelea kuchomwa kwa kosa ambalo si lao. Yule mzee kipofu alichomwa kwa kosa letu. Nalia kwa macho yote mawili, shemeji, kama ulitaka kujua.

Mwalimu Anton alikuja tena. Wiki iliyopita walimvunja mkono kwa rungu, watu wetu, na bado alikuja, amefunga mkono kwa jezi. Anasema kiwanda kinasubiri jozi. Nilimuuliza, "Mwalimu, timu iko wapi? Uwanja ni makaburi." Akasema, "Mama Pyaki, nina vijana wa ng'ambo zote wanaojificha kwenye karakana yangu kwa sababu hawataki kuua. Hiyo ndiyo timu."

Wapen anataka kwenda. Hawezi kutoka mpaka wewe, baba yake aliyebaki, useme neno. Ukisema hapana, atabaki, na nitamzika. Sina mwingine.

Takeme


Lae, 17 Agosti 1997

Dada Takeme,

Ruhusa niliyoomba nimeirudisha. Sitapanda.

Huku mvua ni ya joto, si kama ya kwetu. Msumeno mkubwa umekula kidole cha mwenzangu mmoja, tukakitafuta kwenye vumbi la mbao siku nzima, hatukukipata. Bosi alisema tuendelee na kazi.

Mambo uliyoniandikia nimeyasoma. Sitayaandika.

Nimemtumia Yakasa ujumbe kwa Mek, maneno ya mdomo. Nimesema bunduki ni yangu, niliinunua kwa jasho langu, naitaka, aiweke mlangoni kwako na asiulize. Wazee nao nimewatumia neno kwamba anayepigana kwa jina la Pyaki apigane kwanza na mimi. Wanaweza kunicheka. Niko mbali.

Katika kifurushi hiki mna viatu vya mpira, jozi mbili. Vile vidogo ni vya Wapen. Vingine ni vya yule mwenzake. Siujui mguu wake. Nilipofika dukani mwenye duka aliniuliza saizi, nikamwonyesha kwa mikono urefu wa mguu wa Pyaki.

Waende.

Kandaso


Yandale, 28 Septemba 1997

Kandaso, mdogo wangu,

Umeniita dada, nami nakuita hivyo. Salamu kutoka kigodani. Nimekitia kipande cha ubao chini ya ule mguu mfupi, hakiyumbi tena. Kwenye shanga za msiba nimeongeza mkufu mmoja, wa yule mzee kipofu. Hakuna aliyeuliza.

Bunduki niliikuta asubuhi imelala mlangoni, imefungwa gunia. Watu walipojua haiko tena mikononi mwa Yakasa, makelele yalipungua. Wachache bado wanarushiana mishale. Wiki jana mwanamke wa Kisauli alichomwa mkuki akiwa shambani, akafa juu ya viazi vyake. Lakini wazee wamekaa kuzungumza, kila upande na ukingo wake, wanapigiana kelele kuvuka mto. Matusi yao ni mazuri kuliko moto.

Mwalimu Anton aliomba mti mpya wa goli. Alikuja kuchimba kwa mkono mmoja. Yakasa alitokea, hakuitwa na mtu, akamnyang'anya jembe akachimba shimo hadi kiunoni. Nilimletea lile gunia na mkebe. Alivitazama, akavipokea, akavilaza chini kabisa. Tukasimamisha mlingoti juu yake, tukashindilia mawe. Jasho lilipomtoka nilimletea maji ya mtoni, si ya nyumbani kwangu. Hayo aliyanywa.

Wapen sijamwambia. Najua siku moja ataniuliza uzi ule mwekundu ni wa nani. Nitakuwa nimezeeka, na nitamjibu.

Lori la kahawa lilipokuja kuwachukua, Tumul alivuka daraja peke yake. Watu wetu walisimama kando ya njia na mapanga. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye moto wangu, akakaa, akasema, "Mama, nina njaa." Mbele ya wote. Nikampa nusu ya kiazi. Alikula yote, hadi ngozi iliyoungua, na Wapen akala nusu ya pili. Hakuna panga lililoinuka.

Kisha nikampa viatu. Alivivaa, akasimama, vikamzidi. Mguu wake ni mdogo kuliko wa Pyaki. Nilisema nitavirudisha Lae vibadilishwe. Akang'oa nyasi kavu, akazishindilia mbele, akafunga kamba kwa nguvu, akatembea mpaka kwenye lori na kurudi.

"Acha, mama," akasema. "Mguu bado unakua."

Takeme